Upande Aliorukia Gundi

“Mama, mwambie huyo anipitishie chumvi.”

Lenzi alikuwa ameketi bega kwa bega na kaka yake, na kikopo cha chumvi kilikuwa mbele yake kabisa. Mama yao akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akashusha pumzi.

“Lenzi, mpe kaka yako chumvi.”

Akampa. Kaka mtu akaipokea kama anayepokea kitu kilichookotwa jalalani, akanyunyiza kwenye mayai, akarudisha kikopo upande wa mama.

Ndivyo walivyokuwa wakiishi tangu ligi ilipofungwa. Nyumba moja, meza moja, na maneno yote yanapita kwa mama. Kaka yake Lenzi, ambaye nchi nzima ilimwita Nahodha na hata mama yake mzazi alishazoea kumwita hivyo, alikuwa amekosa penalti. Si penalti ya hivihivi. Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi, timu yake iko nyuma bao moja, sare tu iliwatosha kubeba ubingwa, na mpira ukawekwa mbele yake dakika za mwisho. Msimu mzima alikuwa hajakosa hata moja. Akapiga. Kipa akaruka, akaukumbatia kama mtoto wake.

Kipa mwenyewe ni Gundi. Na Gundi ndiye mwanamume ambaye wajomba zake walitarajiwa kuja Jumapili kumposa Lenzi.

“Begi lako mbona bado limefungwa pale mlangoni?” baba yao akauliza. “Basi la timu ya taifa si linaondoka alasiri?”

“Siendi, baba.”

“Huendi? Jumamosi nchi inacheza mechi ya kufuzu, wewe huendi?”

“Siwezi kuvaa jezi moja na mtu aliyeniibia.”

Baba yao alikuwa mwamuzi wa pembeni ujanani mwake, mshika kibendera, na mpaka leo akiona kosa mkono wake wa kulia ulikuwa ukiinuka wenyewe. Uliinuka sasa hivi, ukabaki hewani na kipande cha mkate.

“Kudaka penalti si wizi,” alisema. “Nilikuwepo uwanjani. Nimeona kwa macho yangu. Mguu wake ulikuwa kwenye mstari.”

“Mguu ulikuwa kwenye mstari, baba. Masikio yake ndiyo yalikuwa nyumbani kwetu.”

Lenzi akaendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

“Mama, muulize huyo kama alimwambia mchumba wake jinsi ninavyopiga.”

“Lenzi, unasikia anachouliza kaka yako?”

“Nimwambie nini, kwani mimi ni kocha?” Lenzi akajibu, akajitahidi kucheka. Kicheko kikatoka kikavu.

“Labda amemwona kambini,” mama akajaribu kupoza. “Si mnafanya mazoezi pamoja mkiwa timu ya taifa?”

“Kambini?” Nahodha alimgeukia mama yake kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. “Mama, kambini hakuna mpigaji mwenye akili anayempigia kipa wa timu pinzani penalti yake ya kweli. Tukimaliza kambi si tunarudi kwenye ligi tukakutane? Mimi mbele ya Gundi nilikuwa napiga za uongo. Nyingine natoa nje makusudi. Hakuna anachokijua kutoka kambini. Kikulacho ki nguoni mwako, mama.”

Lenzi akainuka, akachukua mkoba wake wa kazi, akatoka kabla macho ya mama hayajamfikia.

Kwa sababu alimwambia. Huo ndio ukweli. Ligi ikiwa katikati, yeye na Gundi walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya duka wakigawana keki vipande viwili visivyolingana, na Gundi akamwambia achague. Lenzi akacheka akasema, “Ungekuwa kaka yangu, ungekazia macho kipande kidogo halafu mkono uchukue kikubwa. Tangu utoto yuko hivyo. Kitu asichokitaka ndicho anachokiangalia. Hata penalti zake ni hivyohivyo.” Wakacheka wote wawili. Keki ikaliwa. Maneno yakapita kama upepo.

Sasa kila akikumbuka benchi lile, swali moja lilimrudia: je, Gundi alikuwa akicheka, au alikuwa akisikiliza?

*

Lenzi alikuwa mpima macho katika duka la miwani, mtaa wa nyuma ya benki, ghorofa ya chini. Ndugu zake walianza kumwita Lenzi tangu mwaka wake wa kwanza chuoni na jina likamganda. Chumba chake cha kupimia kilikuwa kidogo, hakina dirisha, kina kiti kirefu cha ngozi, ubao wa herufi ukutani, na mashine ambayo mgonjwa huweka kidevu chini na paji la uso juu asiweze kugeuka huku wala huku.

Kabla ya saa nne, dada wa mapokezi akachungulia mlangoni akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

“Kuna mgonjwa. Anasema haoni karibu, haoni mbali, na anaona wivu. Nimwambie hilo la tatu hatulitibu?”

“Ana miadi?”

“Hana. Lakini ana mabega.”

Gundi akaingia akiwa ameinama kidogo, kama kawaida ya watu warefu kwenye milango mifupi. Alivaa fulana ya kambi ya timu ya taifa. Akafunga mlango nyuma yake, akasimama, hakujua aende wapi.

“Simu zangu hupokei,” alisema.

“Keti.”

“Lenzi, sikuja kupimwa.”

“Kwenye chumba hiki watu wanakuja kupimwa. Keti, weka kidevu hapo. Vinginevyo toka.”

Akaketi. Lenzi akazima taa kubwa, akawasha taa nyembamba ya mashine, akamsogelea mpaka pumzi zao zikagusana. Macho ya Gundi yalijaa mbele yake, makubwa, ya rangi ya kahawa isiyotiwa maziwa. Msimu mzima aliyapenda macho haya. Leo aliyaangalia kama anavyoangalia jicho lenye kitu ndani yake, akitafuta kilipojificha.

“Angalia taa ya kijani. Usipepese. Macho yako ni mazima, unajua?”

“Najua.”

“Yalikuwa mazima hata siku ya kwanza ulipokuja hapa, baada ya ile mechi ya kimataifa mliyofungwa bao la mbali. Mtu mwenye macho mazima alikuja kufanya nini kwa mpima macho?”

Gundi akataka kuinua kichwa.

“Kidevu chini.”

“Kaka yako ndiye aliyenituma,” akasema, kidevu kikigonga chuma. “Tulikuwa chumba cha kubadilishia nguo, nimetoka kufungwa bao la aibu. Akaniambia mbele ya wote, ‘Wewe huoni. Nenda kwa mdogo wangu akakuvishe miwani.’ Watu wakacheka. Nikaja ili nirudi na cheti nimfunge mdomo.”

“Na ukarudi tena wiki iliyofuata.”

“Wiki iliyofuata nilirudi kwa ajili yako.”

“Au kwa ajili ya penalti zake?”

Taa ya kijani ilikuwa imeganda kwenye mboni zake. Lenzi akaona mboni zikisinyaa, zikapanuka. Mboni husinyaa kwa mwanga. Hakuna kitabu kilichomfundisha nini kingine huzisinyaza.

“Ulijuaje urukie wapi?” akauliza. “Usinichanganye. Ulijuaje?”

“Nilimsoma kambini.”

Ilimtoka haraka, laini, kama jibu lililooshwa na kupigwa pasi tangu nyumbani. Lenzi akanyoosha mkono. Akazima taa ya mashine. Wakabaki gizani, herufi tu zikimeta ukutani.

“Kambini alikuwa akikupigia za uongo,” alisema polepole. “Amesema leo mezani. Hakuna ulichomsoma kambini. Kwa hiyo umenidanganya sasa hivi, ukiwa umeniangalia machoni, na hukupepesa hata kope.”

“Uliniambia nisipepese.”

“Usinifanyie utani, Gundi!”

Nje, dada wa mapokezi akakohoa kikohozi cha mtu anayewaambia watu wanasikika. Lenzi akashusha sauti, lakini hasira haikushuka nayo.

“Nilikwambia ule ujinga wa keki kwa sababu nilikuwa na furaha. Basi. Nilikuwa na furaha nikaropoka. Wewe ukaweka akiba. Ulikuwa ukinishika mkono huku unahesabu mechi zilizobaki! Mama analia jikoni. Kaka yangu hasemi nami. Amepigwa mayai na mashabiki wake mwenyewe pale kituo cha mafuta, unajua? Na wewe umebebwa mabegani, na medali juu.”

“Umeziona picha za kubebwa?”

“Nani hajaziona?”

“Uliniona nikicheka hata katika moja?”

Lenzi aliziona picha zote, tena mara nyingi kuliko angependa kukiri. Katika zote Gundi alikuwa juu ya mabega ya wenzake na uso wa mtu anayepelekwa kuzika.

“Washa taa,” Gundi akasema. “Hiyo nyembamba. Nataka uniangalie.”

Akaiwasha. Gundi akaweka kidevu mahali pake bila kuambiwa.

“Ni kweli nilikuwa najua. Aliposogea nyuma kupiga, akatupa jicho kona ya upande wa ubao wa matokeo. Nikajua mpira utakwenda kona ya pili, upande wa jukwaa. Nilijua kama ninavyojua jina la mama yangu.” Akameza mate. “Nikarukia upande wa ubao.”

“Sielewi.”

“Nilirukia kule alikoangalia. Kule ambako kipa asiyeambiwa kitu angerukia.”

Ilimchukua Lenzi muda. Kisha ikamwingia yote kwa pamoja, akashika ukingo wa mashine.

“Ulitaka afunge?”

“Hukuniuzia siri, Lenzi. Ulikuwa unacheka na makombo ya keki mdomoni. Ningeitumia, ningekufanya mwizi wa kaka yako. Nikasema bora nifungwe. Sasa mpira ukaja kifuani kwangu! Sijui kwa nini. Ulikuja kulekule alikoangalia. Nikaudaka kwa sababu mikono yangu haijui kufanya kitu kingine.”

“Na wenzako? Walikuwa kumi mbele yako. Wamekimbia msimu mzima.”

“Ndiyo.”

“Ulikuwa tayari kuwakosesha ubingwa.”

“Ndiyo.”

“Wakijua?”

“Wakijua nafungiwa soka maisha, na ni haki. Ndiyo maana nilikwambia kambini. Nilishajizoeza kusema kambini. Waandishi nimewaambia kambini, kocha nimemwambia kambini.”

Lenzi akarudi nyuma hatua moja. Alitamani kumshika uso. Alitamani pia kumfungulia mlango amtoe nje. Hadithi hii ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mno, na kazini kwake alishajifunza kumwogopa mgonjwa anayesoma ubao wote bila kusita, maana mara nyingi huwa amekariri akiwa kwenye foleni.

“Mwanamume mjanja angesema hivyohivyo,” alimwambia. “Angejua kwamba msichana akisikia ubingwa mzima ulikuwa unaachwa kwa ajili yake, miguu itamlegea.”

“Imelegea?”

“Haikuhusu.”

Gundi akainuka. Kichwa chake kilikaribia kugusa taa ya dari.

“Mbele ya uwanja mzima, ni watu wawili tu wanaojua macho ya kaka yako yalikwenda wapi sekunde ile. Mimi na yeye. Muulize. Aliangalia wapi, na alipiga wapi. Akikwambia nimedanganya, wajomba zangu wasikanyage kwenu.”

Alipofika mlangoni akageuka.

“Nimekukumbuka,” alisema, kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Akatoka bila kusubiri jibu.

*

Lenzi aliomba ruhusa kazini, akarudi nyumbani mchana. Nahodha alikuwa chumbani kwake, amekaa sakafuni, njumu zake mapajani, anazisugua udongo kwa mswaki wa zamani. Mtu asiyekwenda kambini hasafishi njumu. Lenzi aliliona hilo, akalinyamazia, akakaa kitandani.

“Mama hayupo,” alisema. “Kwa hiyo itabidi uniambie mwenyewe.”

Mswaki ukaendelea.

“Siku ile, kabla ya kupiga. Uliangalia kona gani?”

“Unataka nini wewe?”

“Kona gani, kaka?”

“Ya ubao wa matokeo,” akajibu kwa chuki. “Kama kawaida yangu. Unajua. Wewe ndiye unayejua kuliko wote.”

“Na ukapiga wapi?”

Mswaki ukasimama. Nahodha aliinamisha kichwa, na kwa muda Lenzi aliona kisogo chake tu, kisogo kilekile cha mvulana aliyekuwa akimkimbiza uani.

“Upande wa ubao,” alisema.

Lenzi akasogea ukingoni mwa kitanda.

“Mbona ulibadilisha? Siku zote unaangalia huku, unapiga kule.”

“Kwa sababu yako!” Akatupa njumu. “Nilipouweka mpira nikamwona amesimama pale, na kitu cha kwanza kichwani mwangu kikawa ni wewe. Nikasema huyu ameshaambiwa. Dada yangu ameshamwambia kila kitu, mapenzi yamemtoa akili. Akiona naangalia ubao, atarukia upande wa jukwaa. Basi acha nipige hukohuko ubaoni nimkomoe. Nikapiga. Na yeye…”

Lenzi aliuona uso wake ukibadilika taratibu, uso wa mtu anayejisikia mwenyewe akisema kwa mara ya kwanza. Aibu ilikuwa imemzuia kulitamka jambo hili hata peke yake, na hasira ilikuwa imekalia mahali pa hesabu.

“Na yeye akarukia ubaoni,” Nahodha akamalizia. “Lenzi. Angekuwa ameambiwa, angerukia jukwaani.”

Lenzi akaitazama ile njumu iliyotupwa.

“Angerukia jukwaani na mimi ningefunga!” Akainuka kwa magoti, akamshika mikono yote miwili, vidole vyake vikiwa na udongo. “Hukumwambia. Mungu wangu, hukumwambia kitu! Alibahatisha tu, kama kipa yeyote. Nimekosa penalti kwa sababu ya dhana yangu mwenyewe, halafu nikakunyima hata salamu. Mdogo wangu, nisamehe.”

Mdomo wa Lenzi ulifunguka. Maneno yalikuwa tayari ulimini: nilimwambia, kaka, ulikuwa sahihi. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na nyingine nyuma yake, na ya nyuma ilikuwa na jina la Gundi na kufungiwa soka maisha. Kaka yake angeyatoa yote kwenye basi kabla halijafika kona ya kwanza. Hana kifua cha siri, hajawahi kuwa nacho.

“Nisamehe basi,” akarudia, machozi yakimlenga.

“Yameisha, kaka,” Lenzi akasema. “Safisha njumu zako, utachelewa.”

Mama aliporudi alikuta watoto wake wakibishana kwa kelele juu ya soksi zilizopotea, akashika mdomo kwa furaha. Baba akaambiwa habari yote, mkono ukamwinuka, safari hii kumpungia mwanawe. Nahodha aliondoka akipiga mluzi. “Huyo shemeji yangu nitakaa naye kiti kimoja,” alipaza sauti kutoka barabarani. “Nimtoe jasho kidogo kabla hajaja na wajomba zake!”

Jua lilipoanza kulegea, simu ya Lenzi ikalia.

“Amenikumbatia,” Gundi akasema. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo ya basi na wachezaji wanaoimba. “Mbele ya timu nzima, kaka yako amenikumbatia. Umemuuliza?”

“Nimemuuliza.”

“Sasa unaniamini?”

Lenzi aliketi kwenye ngazi ya uani. Asubuhi alimshuku mwanamume huyu kwamba alimpenda kwa ajili ya ubingwa. Sasa alijua kwamba alikuwa tayari kuuacha ubingwa kwa ajili yake, na nyimbo zile za basini zilimwingia mwilini kama baridi. Watu wazima, wake zao na wazazi wao nyumbani, wanaimba kwa furaha kwa sababu wana kipa.

“Nakuamini,” alisema. “Niahidi kitu kimoja. Jumamosi mpira ukija, usinifikirie mimi. Mtu yeyote apige, jambo lolote liwe kati yetu. Ucheze kama huna mtu duniani.”

Mtu mmoja kule basini akaanzisha wimbo mwingine, na sauti ya kaka yake ikaupokea.

“Nilishakudanganya mara moja leo,” Gundi akasema hatimaye. “Sirudii. Hilo siwezi kukuahidi.”

Lenzi akafumba macho. Siku nzima alikuwa akitafuta jibu la kweli kwa mtu huyu, na sasa alikuwa amelipata, nalo lilimtisha.

“Basi safiri salama,” alimwambia, akakata simu.

Sebuleni mama alikuwa ameshaanza kusogeza makochi ukutani, nguo imefungwa kiunoni, anapima nafasi kwa macho.

“Njoo unisaidie huku. Wajomba zake ni wangapi? Nisije nikawakalisha watu wa watu kwenye ndoo.”

“Mama, wasubiri kwanza. Wasije Jumapili hii.”

Mama akasimama wima, mikono kiunoni.

“Wasije? Kwa nini tena? Si kaka yako ameshakubali?”

“Kaka amekubali, mama,” Lenzi akasema, akashika upande wa pili wa kochi kulirudisha mahali pake. “Mimi bado.”